Mchezo Ambamo Maji Hayana Mwenyewe

Enzi zetu kule Kirua Vunjo hakuna mtoto aliyeambiwa atoke nje akacheze. Kazi ilikuwa kumrudisha ndani. Mama akikutuma chumvi kwa jirani alitema mate chini na kusema, "Nataka urudi kabla hayajakauka." Ulikimbia kweli, ila njiani kulikuwa na mteremko mzuri na wenzako walishapata gome la mgomba la kutelezea. Uliporudi na matope mpaka kisogoni, mate yalikuwa yamekauka zamani. Ulichapwa kidogo, kisha ukapewa kiburu, ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, ukala umesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunauma.

Shuleni tulikwenda na kuni, fagio na kidumu cha maji ya bustani. Asubuhi za Juni, baridi ikizidi, tulipita kwanza bandani kusimama pale alipokuwa amelala ng'ombe, tupashe nyayo joto. Wa rika langu mnajua utamu wake. Vijana wa leo ukiwasimulia wanauliza kwa nini hatukuvaa soksi.

Binti yangu Neema, aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, ana mchezo wa kwenye kompyuta ambao shughuli yake yote ni kutembea. Hauna bunduki, hauna adui, hakuna anayekufa. Unapanda milima, unakatiza misitu, unaokota maua, na kinanda kinapigwa taratibu. Neema hutembea humo saa mbili nzima, halafu nikimwomba akalete maziwa duka la pili anaita bodaboda. Nilimcheka sana, mpaka goti langu lilipogoma na daktari akaniambia nisahau habari za kupanda vilima. Neema akanikalisha mbele ya kompyuta yake hapa nyumbani Moshi mjini, akanionyesha vitufe. Nilisema nijaribu dakika tano tu. Uji ukaungua jikoni.

Naupenda, sifichi. Ukungu wake unafanana na wa kwetu, na mlimani humo goti haliumi. Ila juzi nilifika kwenye bwawa dogo lenye mlango wa mbao.

"Bonyeza hapo, Mama, uone maji yanavyoshuka."

Mkono ulikataa. Nikamuuliza, "Leo zamu ya nani?"

Neema alicheka mpaka akakohoa. "Mama jamani! Hayana mwenyewe hayo." Akabonyeza yeye. Maji yakateremka vizuri, ndege wakaruka, na bwawa likajaa tena papo hapo. Ndipo nikamsimulia hadithi hii.

Nilikuwa na miaka tisa. Maji ya mashamba yetu yalikuja kwa mfereji, mfongo kwa lugha yetu, uliochimbwa na wazee wa zamani kutoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu. Yalikusanyika kwenye bwawa la udongo, kisha mwenye zamu akapanda kuyafungulia, kila nyumba na siku yake. Siku moja ya likizo mimi na binamu yangu Aikaeli tuliamua kwenda kuona yanakotoka. Tukaufuata mfereji kwenda juu, tukipita katikati ya mashamba ya migomba ya watu, na kila nyumba walitusimamisha: "Nyie watoto wa nani?" Tulijibu, tukapewa ndizi mbivu, tukaendelea.

Pale bwawani niliona kaa akiingia kwenye tundu la kutolea maji, lililozibwa kwa kipande cha mgomba na udongo. Nilimtaka yule kaa. Nikauvuta mgomba.

Bwawa zima lilikwenda korongoni. Tulijaribu kuziba kwa mikono, kwa majani, hata kwa kanga ya mama yake Aikaeli tuliyobebea ndizi, nayo ikaenda na maji. Zamu ya siku ile ilikuwa ya Babu Eliamani, mzee aliyeishi peke yake chini ya kwetu. Ulezi wake ndiyo kwanza ulikuwa unachipua na jua lilikuwa kali. Akikosa maji siku ile angesubiri wiki nzima, na ule ulezi usingesubiri.

Kujificha hakukuwezekana, tulishajitaja nyumba zote za njiani. Kufika saa sita Baba alikuwa anajua kila kitu. Hakunichapa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikata jani la sale mpakani mwa shamba, jani ambalo kwetu mtu humpelekea aliyemkosea anapoomba msamaha, akanipa nilishike mwenyewe. "Maji umemwaga wewe," alisema. "Utasema kwa mdomo wako. Na zamu yetu ya kesho ni yake." Mama aliitazama bustani yake ya mchicha.

Nilisimama mlangoni kwa Babu Eliamani, Baba nyuma yangu, jani mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

Nilisema yote, hata la kaa. Aliutazama ulezi wake, akautazama tena, na mimi nikawa na hakika kwamba atatufukuza. Kisha akanyoosha mkono akalipokea lile jani. "Pita ndani," akasema, na nilipoketi akaniuliza, "Huko juu mlikuwa mnatafuta nini?"

"Maji yanakotoka."

"Jumamosi tunasafisha mfereji. Utakuja."

Baba akakohoa, akasema kwa heshima kwamba ile ni kazi ya wanaume, msichana hafiki kule. "Mbona bwawani alifika?" akauliza Babu.

Ulezi ulipona. Mchicha wa Mama ulinyauka, akauchuma hivyo hivyo bila kunisema. Na Jumamosi nilipanda nyuma ya Babu Eliamani, wanaume wawili watatu wakinung'unika, mpaka mahali mto ulipozuiwa kwa mawe na matawi ili maji kidogo yageuke kuja kwetu. Aliniambia nitie mkono. Yalikuwa baridi hata vidole vikauma, na nilifurahi kiasi cha kutaka kulia.

Siku hizi kule juu wana mabomba, na ni vyema, sina hamu ya kubeba kidumu tena. Mchezo wa Neema naendelea nao kila jioni na unanituliza kweli. Nimeizunguka milima yake yote, nimefungua kila nilichokikuta, na sijamkosea mtu hata mmoja. Kwa goti hili nashukuru. Lakini najua pia kwamba humo sitasimama kamwe mbele ya mtu mwenye kila haki ya kunifukuza, nikamsikia akiniambia nipite ndani.