Tulivyompandisha Baba Watoto Mlimani

Baada ya kiharusi, mguu wa kushoto wa mume wangu ulibaki mzito. Daktari alimtaka atembee kila siku, lakini yeye alishinda barazani, fimbo imeegemezwa ukutani. Siku moja akawasimulia watoto habari za kijito kilichoko kwao, katika milima ya Uluguru juu ya Bigwa, alikokuwa akioga utotoni. Binti yetu akauliza, "Mbona hujatupeleka?" Baba yake akaitazama fimbo.

Nikasema, "Shule zikifungwa tunakwenda. Tutalala hukohuko."

"Nani ataendesha gari?" mume wangu akauliza.

"Mimi."

Leseni nilikuwa nayo, lakini sikuwahi kuendesha mbali zaidi ya Kibaha. Siku ya safari nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi. Malori yalinipita yakinipigia honi, nami sikuongeza mwendo. Mume wangu, pembeni yangu, alisema mara moja tu, "Unakwenda vizuri." Tulipoiona Uluguru imefunikwa na mawingu, watoto walisogea madirishani.

Zaidi ya Bigwa njia ilikuwa tope tupu. Tuliomba kuacha gari uani kwa mama mmoja mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnampeleka wapi mgonjwa huyu?"

"Mgonjwa yuko wapi, mama?" mume wangu akauliza, huku akijitahidi kushuka kwenye mlango niliomfungulia. Mzee akacheka, akatuzawadia mkungu mdogo wa ndizi.

Mtoto wetu wa kiume alibeba hema, mimi nikabeba chakula na mablanketi. Hatukufika mbali, mume wangu akateleza na kuanguka kifudifudi. Akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. "Nendeni mkaoge. Nitawasubiri hapa."

"Hatukuja kuoga," nikamwambia. "Tumekuja na wewe."

Nilikaa chini topeni karibu naye, nikamenya ndizi. Nilikuwa tayari kukaa hapo hadi jua lizame. Ndipo binti yetu akaunyooshea kidole mgomba ulioinama njiani. "Baba, mpaka pale tu."

Akanyanyuka. Tulipofika kwenye mgomba, binti akachagua jiwe, kisha kona, kisha banda bovu. Wakulima walioteremka na mizigo ya mboga walitupisha. Mmoja akamsalimu mume wangu kwa Kiluguru, naye akajibu, sauti imepata nguvu ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Kijito kilikuwa chembamba kuliko alivyokisimulia. Watoto hawakujali. Waliingia na nguo zao, na baba yao akaingia nyuma yao, amenishika bega. Tulilala hapo siku mbili. Hema lilivuja, tukacheka, tukalisogeza.

Kushuka kulituwia vigumu kuliko kupanda. Kwenye miteremko mikali mume wangu alikaa chini na kujisukuma kwa makalio, na watoto wakamwiga ingawa miguu yao ni mizima. Tulifika kwenye gari tumetapakaa udongo mwekundu wote wanne, naye safari hii akajifungulia mlango mwenyewe.