Kitabu Nilichokichana kwa Wembe

Vitabu vya mapenzi vinavyoruka, sura hii enzi ya Mjerumani, sura ya pili mjini leo, wajukuu zangu wanavisoma huku wanalia. Wananiuliza, babu, unavielewa? Mimi niliishia darasa la pili, na nyumba wanamosomea nimeijenga mwenyewe. Navielewa. Kimoja nilikichana kwa wembe.

Miaka ya sabini nilikuwa Igawa, nanunua mpunga wa Usangu na kuupakia kwenye malori ya barabara kuu. Mwaka mmoja surua ikamchukua mtoto wetu wa pekee, binti. Tukazika. Matanga yalipokwisha nikafungua ghala, nikapima mpunga. Sikulia. Sisemi nilijikaza; hapakuwa na kitu cha kukaza. Ugali ulikuwa ugali, mvua ilikuwa mvua.

Mke wangu ni wa Mlandege, Iringa. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa Mama na jina la mtoto. Mimi tangu mazishi nilikuwa namwita "wewe." Wewe, lete maji. Wewe, funga mlango. Sikukusudia. Mdomo ulilikataa lile jina. Yeye aliendelea kuniita Baba kwa jina la binti yetu, kila siku.

Ndipo akaja mshenga, mzee aliyenipelekea posa Mlandege. Mshenga akija bila kuitwa, ujue nyumba inavuja.

"Kijana, mkeo anataka kurudi kwao."

"Nimempiga?"

"Hujampiga."

"Amelala njaa?"

"Anasema kwako amekuwa kama hakuzaa. Mpunga ukiisha nakuja kumchukua."

Nikasema sawa. Nikarudi kwenye mizani.

Wakati huo mke wangu alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, na mwalimu alimpa riwaya. Alasiri za mvua, wateja hakuna, alinisomea ghalani, polepole, kidole kwenye mstari. Palikuwa na msichana wa zamani aliyempenda mpiganaji wa Kihehe. Halafu palikuwa na mjukuu wake, karani wa mjini, aliyerithi jina la huyo bibi na anataka kujua alikuwa nani. Basi mpiganaji yuko mtoni, anavuka, risasi zinalia, mara tuko ofisini, karani anapiga taipu.

"Hapa wamekosea," nikasema. "Vitabu viwili vimechanganyika kiwandani."

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Nani aandike hivyo? Hata mlevi humaliza habari moja kwanza."

Alipokwenda kisomoni nikachukua wembe. Sura za kale huku, za leo kule, kila fungu nikalishona kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi wa katani. Karatasi moja ilikuwa na kale upande huu na leo upande wa pili. Ikanisumbua. Nikaiweka upande wa kale, maana wakubwa hutangulia. Kazi ilikuwa safi, nilijivunia.

Aliporudi aliviangalia vile vitabu viwili, akaketi juu ya gunia, akanisomea cha kale mfululizo mpaka kikaisha, siku mbili. Msichana akapenda, mpiganaji akafa mtoni, msichana akazeeka, akafa.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Wamekufa."

"Basi?"

"Basi."

"Na huyu wa leo analilia jina, hajui la nani. Kilivyokuwa, bibi akifa ukurasa huu, ukurasa wa pili mtu anaita jina lake kule ofisini, na mjukuu anaitika. Ndiyo utamu wake. Wewe umemuua tena."

"Nimemshona vizuri."

"Umemshona kama maiti."

Nilikata uzi wangu, tukatandaza karatasi juu ya mkeka, yeye akisoma namba, mimi nikishona. Tulipofika pale mtoni, ukurasa haukuonekana. Tukautafuta. Nikasema, macho yangu kwenye shazia, "Mama," nikaongeza jina la mtoto, "inuka, huenda umeukalia."

Jina lilitoka kama kokoto kwenye wali. Sikuhisi kitu. Yeye akainuka, akaitoa ile karatasi, akanipa, kisha akalia kwa sauti kama siku ya mazishi. Mimi nikaendelea kushona. Sindano ilikuwa imeshaingia.

Mpunga ulipoisha mshenga akaja, na koti lake la safari.

"Haya binti, basi la Iringa li karibu kupita. Mzigo uko wapi?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Mzigo?"

"Sijafunga mzigo. Labda uje mwakani."

"Mwakani! Kwani mimi mpunga?"

Mke wangu akacheka. Akamwekea chai, akaniita kwa jina la binti yetu nije ninywe, nikaitika.

Nilimsindikiza mzee mpaka barabarani.

"Umemfanya nini?" akaniuliza.

"Nimemwita."

"Hilo tu?"

"Hilo tu," nikasema, nikasimamisha basi.