Osilo ya Mustari Mumoja

Wewe, umeisha kuona sauti kwa macho? Si kusikia, ninasema kuona. Mimi nimeiona. Ilikuwa na rangi ya majani ya mupunga, inatembea kwa kioo kadogo kama sahani ya chai. Na ile mashini yenye kioo, mimi njo niliichagua. Ndiyo, mimi huyu. Masomo niliacha mwaka wa pili, juu mikono yangu ilipenda kusuka mikeka kuliko kushika kalamu, na hata mwalimu mwenyewe alikuwa analalia mukeka wangu.

Ilikuwa wakati wa Zaire, watoto wangu wakubwa walikuwa wanaanza tu kutembea. Tulikaa hapa hapa Kindu, karibu na gare ya treni. Bwana yangu alikuwa fundi wa redio, na atelye yake ilikuwa barza ya nyumba yetu. Ungepita asubuhi ungetukuta wote wawili: yeye upande huu na maredio imefunguliwa matumbo, mimi upande ule na majani yangu ya kusuka. Yeye alikuwa anatengeneza kwa kidole na sikio. Anagusa hapa, anasikiliza. Anagusa pale, kuran, ule moto wa umeme, inamupiga, anaruka, ninacheka. Maisha yetu ilikuwa hiyo, na mimi sikutaka ingine.

Sasa, kaka yake alikuwa jimbo la Shaba, mbali kule kusini, kwa atelye ya mugodi. Akaandika barua: kuja, nafasi ya kazi iko, shika treni yenye inakuja. Lakini aliandika nafasi ya mutu mumoja, hakuandika nafasi ya mutu na bibi na watoto. Wanaume wa mutaa wetu walioshika ile treni nilikuwa ninawajua, na mabibi zao vilevile, juu walikuwa wanakuja kulia kwa barza yangu. Bwana yangu akasema atatutumia feza kila mwezi. Nikamwambia feza haijui kunikuna mugongo.

Siku zile zile, muzee mumoja mwenye kuuza muchele kule bandarini, foni yake ikakufa. Foni ni redio kubwa ya kusema na miji mingine. Kama dada yako amezaa Kisangani, ulikuwa unaenda kusikia habari kwa ile foni, unapiga foleni na wenzako, na wote wanasikia mambo ya nyumba yako. Muzee akaileta kwa barza. Akasema ukiitengeneza, wewe njo utakuwa fundi wangu siku zote, na wafanya biashara wengine nitawaleta. Ukishindwa, treni ikija ninaituma Shaba.

Unaona? Treni ile ile. Ama ingebeba foni na bwana yangu pamoja, ama ingeenda bila wao.

Bwana yangu akafungua foni, akagusa, akasikiliza, siku tatu. Kisha akaweka vyombo chini. Akasema mule ndani mambo yanapita haraka, sikio haiwezi kuyafuata. Tunahitaji osiloskopi. Yeye alikuwa anaita osilo tu: mashini yenye kuchora kwa kioo namna kuran inatembea, na fundi anaona ni wapi inakufia. Sasa osilo, Kindu, utaipata wapi? Sokoni utapata samaki ya Lokandu, utapata mupunga, utapata hata kofia ya mutu aliyekufa. Osilo, hapana.

Lakini Mungu hasahau waja wake. Kulikuwa muzee wa Kasai, fundi wa treni, kazi yake imeisha, anangojea treni arudi kwao. Alikuwa anauza kila kitu: kitanda, kuku, mpaka mulango wa choo. Na osilo mbili.

Bwana yangu akavaa abakosi yake, koti ya wakubwa wa Zaire, ile ya harusi. Nikamuuliza, tunaenda kununua ama tunaenda kupigwa picha? Nikamwambia bei itapanda akiingia na ile kola. Akajibu fundi hawezi kuenda mbele ya fundi mwenzake kama muchunga mbuzi. Basi. Mimi nikafunga feza yetu kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, yake ya maredio na yangu ya mikeka, yeye akasukuma kinga, ile baiskeli yetu nyeusi yenye kubeba mikeka yangu mpaka bandarini. Alisema kinga ni ya kubebea mashini. Kumbe alikuwa na mawazo ingine.

Muzee wa Kasai alipoona abakosi, akatabasamu kama mutu aliyeona mulo. Akatuwekea viti. Akaondoa kitambaa juu ya osilo ya kwanza. Aa, nisikudanganye, ile ilikuwa mashini. Kubwa kama sanduku la bibi harusi, na mabutoni siwezi kuhesabu, na kwa kioo inachora mistari miwili, mumoja juu, mumoja chini. Bwana yangu akaacha kupumua. Mistari miwili, akaniambia polepole, unaweka redio nzima juu, redio mugonjwa chini, unalinganisha. Macho yake ilikuwa kama siku alikuja kuniposa. Ile siku nilipenda yale macho. Siku hii, yalinitia hofu.

Osilo ya pili ilikuwa kadogo, rangi imebanduka, butoni moja imekufa na wameweka kifuniko cha chupa pahali pake. Mustari mumoja tu. Bwana yangu hata hakuisalimia.

Muzee akataja bei ya ile kubwa: feza yetu yote, na kinga juu yake. Nikageuka. Mukono wa bwana yangu ulikuwa umeisha kuanza kusukuma kinga kwa muzee.

Nikasema kwanza tuione ikifanya kazi.

Muzee akaitia kwa prizi ya kuran pale ukutani, tukangoja ipate moto. Kisha akachukua sondi, waya yenye ncha kama sindano, akagusa kachuma kadogo pale mbele ya mashini. Bwana yangu akanieleza: pale mashini inajichorea yenyewe, inaonyesha kama iko na akili. Inatakiwa kuchora meno, ya kwenda juu, ya kushuka, sawa sawa.

Ikachora meno. Mimi nikasogea. Wewe, mimi nimesuka mikeka tangu sijatoka meno ya utoto, na ile michoro ilikuwa mukeka kabisa, ule tunaosuka na meno meusi pembeni. Na mukeka ule ulikuwa mubaya. Meno ya kushoto yalikuwa mapana, yamekaa kwa raha. Ukienda kuume yanakuwa membamba, yanabanana, kama mukeka wa mutu aliyechoka akavuta majani upande mumoja. Ukiuza mukeka kama ule, mununuzi anaurudisha na matusi.

Nikasema, haya meno hayalingani.

Muzee akacheka. Akasema ni kuran, mama, kuran ya leo iko zaifu.

Na bwana yangu akaitika, ndiyo, ni kuran. Usimucheke. Pale Kindu kila kitu kilikuwa kosa ya kuran. Redio ikikohoa, ni kuran. Pasi ikichoma shati, ni kuran. Shemeji yangu mumoja alikosa harusi ya dada yake, akasema ni kuran. Tulikuwa tumezoea. Hakuna mutu aliyekuwa anabisha.

Nikasema, tieni ile kadogo kwa prizi hiyo hiyo.

Bwana yangu akanivuta kikwembe, juu mwanamuke anasemasema mbele ya fundi. Lakini muzee alikuwa anataka kuuza hata kikombe chake cha chai, akaitia. Sondi ile ile, kachuma kadogo vilevile. Ile mashini ya kifuniko cha chupa ikachora meno, na meno yalikuwa kama ya mutoto wa shule anayechekea fotografe: mapana sawa, marefu sawa, toka kushoto mpaka kuume.

Nikawaangalia wote wawili.

"Kuran ni moja," nikasema. "Prizi ni moja. Huyu mukubwa njo hajui kusuka."

Muzee akafunika mudomo na mukono. Bwana yangu akainama, akaangalia kadogo, akaangalia kubwa, akageuza butoni hii, akageuza ile, mpaka jasho likalowanisha ile kola. Meno ya kubwa yakakataa. 

"Lakini mistari miwili, mama," akasema, sauti ya mutoto mwenye kunyanganywa kitu.

"Foni ya muzee wa muchele iko ngapi?"

"Moja."

"Basi mustari mumoja unatosha."

Tukanunua kadogo. Kinga ikabaki yetu, na feza ikabaki ya chumvi na sabuni. Muzee wa Kasai alimuambia bwana yangu siku ingine aache abakosi, alete bibi.

Kwa barza, akaanza kufuata sauti ndani ya foni. Anagusa na sondi, mustari unacheza. Anasonga mbele, unacheza. Anasonga tena, unacheza. Siku ya pili, saa ya muchana, akagusa pahali pamoja, mustari ukalala chali. Akaniita: mama, kuja uone, hapa njo inakufia. Nikaona. Ilikuwa kakitu kadogo kama punje ya muharagi. Akatoa kengine kwa redio ya zamani, akaweka, na mustari ukaamuka ukaanza kucheza kama wageni wamefika.

Muzee wa muchele akaja, akaita Kisangani. Kisangani ikaitika, ikauliza kwanza bei ya muchele. Kwa furaha, muzee akamuambia bwana yangu asalimie mutu, bure. Nilijua atamusalimia nani. Akaomba Kisangani wapitishe neno mpaka Shaba, kwa kaka yake. Mimi nilikuwa nimesimama na majani yangu mukononi.

"Mwambieni siji," akasema. "Kazi iko hapa."

Nikaingia ndani kupika wali mwingi kuliko watu waliokuwako.

Treni ilichelewa wiki tatu, ibarikiwe popote ilikuwa imelala. Ilipofika, tulienda gare kumuaga muzee wa Kasai. Alipanda na ile osilo yake kubwa kwa magoti, hakuna mutu aliyeinunua, na alipotuona akapiga kelele toka dirishani kwamba anarudi nyumbani kuifundisha kusuka.

Bwana yangu ameisha kupumzika, Mungu amurehemu, lakini alipumzika hapa Kindu, kwa mukeka wangu. Osilo iko chumbani, na kifuniko chake cha chupa. Juzi mujukuu wangu, yeye anasomea mambo ya elektroniki kule Kisangani, alikuja likizo, akaitia kwa kuran. Ilichukua muda murefu kupata moto, kama mimi asubuhi. Kisha ikachora meno, na yalikuwa bado yanalingana. Akanionyesha kwa telefone yake picha ya osilo anayotaka kununua, mupya, mistari mine, na rangi nne. Nikamuuliza atasoma redio ngapi kwa mara moja. Akacheka, akanishika bega. Akaniita koko, namna wajukuu wote wanamuita mama ya mama yao, akasema ninakuahidi: siku ya kununua, sitatoa hata franga moja mpaka wewe mwenyewe ukae mbele ya kioo uangalie meno.