Divai Aliyoitema Baba

Baba alifanya kazi miaka mingi katika ghala la divai, chini ya duka la mzungu mmoja pale Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, na katika miaka yote hiyo hakumeza hata tone. Sheria ilimkataza mtu mweusi divai. Lakini mapipa yalipofika kwa treni, baada ya bahari na joto la njiani, ilibidi mtu ayaonje kabla ya kumimina katika chupa, na pua ya bosi ilikuwa imeharibiwa na tumbako. Basi Baba alionja, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo ya unga wa mbao.

Bordeaux, kule Ufaransa divai ilikotoka, aliijua kama wengine wanavyojua kijiji cha mama zao, ingawa hakuwahi kuiona. Alituambia kwamba divai ile nyekundu si ya zabibu moja. Zabibu ya kaberne hupenda changarawe ya kando ya mto, nayo huipa divai nguvu. Ile ya merlo hupenda udongo mzito, kama ule wa kichuguu chetu uani, nayo huilainisha.

"Ile budongo yako itatupa bukari?" Mama alimkatiza, akisonga ugali.

Mimi nilisikiliza kwa tamaa yangu. Baba alikuwa ameomba karte, ile kadi ya serikali ya mtu mweusi aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Mwenye karte aliweza kumwombea mtoto wake nafasi katika shule ya masista, walikosoma watoto wa kizungu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani, na mwaka uliofuata ningekuwa nimepita umri wa kupokelewa.

Wazungu watatu wakaja kutukagua. Walifungua kabati, wakageuzageuza uma, wakachungulia choo, wakanisomesha ukurasa wa Kifaransa. Nilisoma bila kukwama. Tulikuwa tumeshapita, naapa. Kisha mmoja, kwa utani tu, akamwuliza Baba nyama huliwa na divai gani. Baba akajisahau. Akaeleza changarawe, udongo, kaberne, merlo, hata kwamba pipa la mwisho lilikuwa na ukali kidogo kwenye ulimi.

"Ulimi wa nani?" mzungu akauliza.

Angeweza kudanganya. Baba yangu mjinga, mwenye kiburi cha kazi yake, akajibu: "Wangu, bwana. Lakini huwa natema. Siku zote natema."

Wakaandika kitu, wakafunga daftari. Karte haikutoka.

"Si ungesema tu ulisoma mu kitabu!" Mama alilia. Nami nilimchukia, nasema wazi, kwa miaka.

Sheria ilipolegezwa na kila mtu akaruhusiwa kununua divai, mimi nilikuwa nafua nguo za wazungu, na mimba ya kwanza tumboni. Baba akaleta chupa ya Bordeaux. Akatandika kitambaa kile kile cha siku ya ukaguzi, akamimina bilauri moja, akanusa, akaonja, akazungusha mdomoni. Tukangoja ameze.

Akainuka, akaenda mlangoni, akatema uani.

Akajaribu tena, na tena. Koo likakataa. Akarudi kuketi mbele yangu, kidevu kimelowa wekundu, machozi yakimtoka.

"Unisamehe, mama," akaniambia. "Sikumezaka hata siku moja."

Nikamwambia najua. Lakini hadi siku ile hata mimi, mtoto wake, nilidhani alikuwa anawadanganya wale wazungu aliposema hutema.