Madoa ya Mbawala na Langusti

Matofali ya ile nyumba ya Karavia, mtaa wa matajiri, Mwape aliyachoma kwa mikono yake mwenyewe, na siku hiyo aliingia humo kama mgeni. Émile, aliyekuwa mumewe, alimtoa akamweka Huguette. Mwape sasa alilima mahindi huko Annexe, pembezoni mwa mji. Asingekanyaga pale kama si Claudine, binti yao, mwenye mimba kubwa, aliyeitwa kula kwa baba yake akataka mama amsindikize.

Kwao Mwape, mwanamke mjamzito hagusi mbawala, yule swala wa msituni mwenye ngozi nyekundu na madoa meupe. Akimla, mtoto huzaliwa na madoa, au hazaliwi kabisa. Claudine aliujua mwiko huo tangu utoto.

Huguette akafunua sinia. Walilala humo wadudu wa baharini, aina ya kamba wakubwa wenye sharubu ndefu, wekundu kwa kuchemshwa, maganda yao yamejaa madoa meupe.

"Langusti," akasema. "Ilikuja na ndege."

Mwape akamshika binti yake mkono. "Usikule. Angalia madoa."

"Ee, Mama Mwape!" Huguette akainua mmoja kwa sharubu. "Mbawala iko na miguu ine, hii iko na kumi. Mbawala mifupa iko ndani, hii mufupa iko inje. Mbawala inakula majani mu pori, hii haiyaona hata muti. Ni bandugu wapi?"

"Pembe ni hizi," Émile akasema, akigusa sharubu. Meza nzima ikacheka. "Mwape, wivu itakumaliza."

Claudine akacheka pia. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Mwape. Binti akavunja ganda, akala, akajilamba vidole.

Sinia lilikuwa halijaisha alipoanza kujikuna shingo. Mabaka yakapanda mashavuni, midomo ikavimba, pumzi ikapiga filimbi. Émile akatafuta funguo za gari, nazo zilikuwa pale pale mezani mbele yake.

Mara ngapi Mwape alikuwa amemwomba Mungu awaonyeshe watu wa nyumba hii nani mwenye haki!

Garini, wakikimbilia hospitali, Mwape alimpakata Claudine, kiganja juu ya tumbo. Tumbo lilikuwa gumu, limetulia.

"Maman," binti akanong'ona, "ni ule muiko?"

Kwenye kiti cha mbele, Huguette akageuka kusikiliza jibu.

"Hapana, mwanangu. Ni chakula tu kimekukataa. Pumua."

Mwape akabonyeza kiganja, akingoja teke.