Kichuma Juu ya Jicho

Fundi alikuwa na njia yake ya kupima injini: mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye chuma, na ubovu ukajitaja wenyewe. Wenye magari walimwita Daktari wa Moyo, wakamcheka, kisha wakamletea magari. Hadi ule mlio ulipomwingia masikioni. Kiiii, mchana kutwa, usiku kucha. Sasa akiweka bisibisi alisikia mlio tu, na nyumba nzima ilikula kwa masikio yake.

Hospitali ilipomwambia kuna mashine ya sumaku inayoamsha ubongo kutoka nje ya fuvu ili mlio utulie, kwamba wengine huwasaidia na kwa wengine haifui dafu, alikubali kabla daktari hajamaliza kueleza.

Siku ya matibabu mkewe alibaki nje na saa, funguo na bisibisi. Vyuma vyote viliachwa mlangoni, isipokuwa kimoja.

"Mzee, una chuma chochote kichwani? Hata kidogo?" mhudumu wa mashine aliuliza.

"Hamna kitu."

Mtu mzima na akili zake, akadanganya mchana kweupe! Juu ya jicho alikuwa na kinundu. Zamani kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye grainda kikazama humo, naye akafuta damu kwa tambara la oili, akaendelea na kazi. Gereji nzima wana vyao, na huvitania. Asubuhi ile mkewe alikuwa amemsihi, "Baba watoto, kiseme hicho kichuma." Lakini angekisema, wangemrudisha nyumbani na mlio wake.

Mhudumu akamziba masikio, akamwekea koili, ile sumaku ya mashine, kichwani. Ta! Pigo la kujaribia likatua, na kidole cha Fundi kikaruka chenyewe. Alikikodolea macho. Ikiwa mashine inarusha kidole kutoka kule juu, kichuma je?

"Zima! Zima, mwanangu! Nimekudanganya!"

Alipelekwa kupigwa picha. Kichuma kilikuwa kimejikita nyuma ya nyusi, na kukitoa kungehatarisha jicho. Daktari hakufoka. Alisema tu kwamba mashine ile haitawashwa tena juu ya kichwa chake. Fundi akashukuru.

Nje mkewe aliinuka. "Vipi, mlio umenyamaza?"

Akamnyooshea bisibisi. Fundi aliitazama, asiipokee.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Mimi bado nasikia kiiii tu."