Simbilisi wa Anyesi na Kisu cha Sostenes

Mume wangu Sostenes Chibago amehasi mafahali kuanzia Hombolo mpaka Mvumi, na huko kote hakuna aliyewahi kumwona akitetemeka. Fahali anakoroma, wanaume wanne wameng'ang'ania kamba, yeye amechuchumaa nyuma anapiga mluzi. Kwa hiyo mkimwona leo kwenye kiduka chake cha dawa za mifugo, mzee mpole na koti lake la kaki, msije mkadhani ni mwoga. Mimi Anyesi ndiye mkewe. Nimemwona akitetemeka mara moja tu, na aliyemtetemesha ni mnyama asiyefika hata kilo moja.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Mwaka mmoja kabla yake serikali ilikuwa imempunguza kazini. Mabwana mifugo waliitwa ukumbini, wakaambiwa mambo sasa ni soko huria, mfugaji atajinunulia dawa mwenyewe na josho atalitunza mwenyewe. Miaka ishirini na miwili ya kutembea juani, mtu anapewa barua na kupeana mikono! Akarudi nyumbani kwetu Kikuyu, hapa Dodoma mjini, akakaa wiki nzima anatazama ukuta. Sikumbembeleza. Nilimwambia, "Ng'ombe hawajapunguzwa kazini, Bwana Mifugo. Bado wanaugua." Wiki iliyofuata akaenda kutafuta chumba cha duka.

Simbilisi, kanyama kama panya mnene asiye na mkia, nililetewa na jirani yetu Paskazia, mchapaji wa ofisi moja ya serikali, mtu wa Makete. Huko kwao simbilisi wanaishi jikoni, wanakimbizana miguuni mwa mpishi, na siku ya mgeni mmoja anaingia chunguni. Wanasema pia nyumba yenye simbilisi nyoka haingii. Sasa mimi Mgogo, kwetu mnyama ni yule mwenye pembe. Paskazia alipofunua kikapu nikamwuliza, "Mdogo wangu, nimekukosea nini mpaka uniletee panya?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada Anyesi, mweke tu jikoni. Utakuja kuniambia."

Kweli nilikuja kumwambia. Mwezi haukuisha, kale kanyama kalikuwa kakisikia ninakatakata majani kanapiga kelele, "Wiii! Wiii!" hadi mpita njia anageuka. Nikampa jina, Madoa, kwa sababu ya mabaka yake ya kahawia. Niseme wazi ili msipate shida ya kuulizana: nyumba yetu haina mtoto. Mwanamke asiye na mtoto ndani huongea na aliyepo, na aliyekuwepo ni Madoa. Kiangazi, Dodoma yote imekauka, mimi nilikuwa nakwenda mpaka kwenye bomba linalovuja kumtafutia majani mabichi. Watu walinicheka. Wacheke, majani nilipata.

Kiangazi hicho tumbo lake likaanza kuvimba. Majirani wakanipongeza, eti mjukuu njiani. Mwingine akasema lazima amepata mimba ya panya wa darini. Upuuzi mtupu! Nilijua hajawahi kuonana na dume tangu aletwe. Nilijua kabisa. Lakini mwenye hamu haulizi sana, basi nikamwongezea karoti, nikamtandikia nyasi laini kwenye sanduku, nikahesabu siku. Zikapita wiki, hazai. Manyoya yakaanza kumdondoka ubavuni, kushoto na kulia sawasawa, kama aliyenyolewa kwa wembe. Ngozi safi, haina kipele wala ukurutu. Na tabia ikaharibika. Aliyekuwa akilala mapajani mwangu sasa ananing'ata vidole.

Nikampelekea Sostenes. Alikuwa anapiga mluzi wake. Akamshika kwa mkono mmoja, vidole vya mkono wa pili vikapita taratibu chini ya mbavu mpaka kwenye figo. Mluzi ukakoma.

"Anyesi, hana mimba," akasema. "Ana vifuko vya maji kwenye ovari. Huku na huku."

Hakunitazama usoni, na nilijua kwa nini. Mwaka themanini na nane mimi mwenyewe nilivimba tumbo. Miezi mitano nilitembea nikijishika kiuno, nikishona vinguo, mama mkwe akinipikia uji. Kumbe ni uvimbe. Nikalazwa, nikapasuliwa. Nilipozinduka niliambiwa wametoa ovari zote mbili pamoja na kizazi, kwamba bila hivyo ningekufa, na kwamba mume wangu ndiye aliyetia sahihi. Mimi nilikuwa nimelala. Hakuna aliyeniuliza. Tangu siku hiyo nilimhesabu Sostenes kuwa mtu mgumu, aliyenisainia kama anavyosaini kadi ya chanjo ya ng'ombe, na jambo hilo hatukulizungumza tena.

Kwanza alimchoma Madoa sindano, akavuta maji. Yalitoka meupe, bomba zima likajaa, tumbo likanywea, mimi nikashangilia. Baada ya wiki tatu lilikuwa limejaa tena, na kubwa zaidi. Sostenes akaenda kwa Daktari Iddy, yule wa mifugo aliyesoma chuo kikuu, akarudi na chupa ndogo ya dawa ya usingizi na uso wa msiba.

"Nikimwacha," akaniambia, "vifuko vitambana mpaka ashindwe kula, au vitapasuka. Nikimpasua anaweza kunifia mezani. Dawa hii ikizidi tone moja, haamki. Ikipungua, mshtuko unamuua. Ana damu kidogo sana. Baridi tu inamuua. Hata penisilini ninayowachoma mbuzi, Iddy anasema kwa huyu ni sumu." Akaiweka chupa mezani. "Sema wewe."

"Niseme nini? Mtaalamu ni nani humu?"

"Nataka useme wewe, Anyesi."

Weee, nilikasirika! Nilimwachia chakula mezani, nikatoka nje. Siku mbili sikumjibu. Usiku nalala macho kodo, mchana natia chumvi kwenye chai. Nikisema apasuliwe akafa, nimemuua mimi. Nikisema aachwe, nitakaa nimtazame akivimba mpaka mwisho. Siku ya tatu, Alhamisi, Madoa aligeuza uso kwenye karoti. Nikaenda dukani, nikasimama mlangoni, nikasema, "Mpasue kesho." Kisha nikarudi nyumbani mbio kabla sijageuza maneno.

Jioni ile nikatoa majani yote kwenye sanduku lake, nikapangusa hadi punje ya mwisho. Mgonjwa wa kupasuliwa hali, hilo nalijua vizuri, mimi nilikaa na njaa tangu jana yake. Sostenes akakubali kwa kichwa. Hata mbuzi, akasema, ukimpasua ameshiba atacheua na kupaliwa. Madoa akapiga kelele ya kuomba majani. Nikamwambia, "Vumilia mama, ni kwa faida yako." Nilijiona muuguzi kamili.

Ijumaa asubuhi tukamweka kwenye meza ya jikoni, juu ya kanga iliyopigwa pasi. Mizani ya dukani ilisema gramu mia tisa. Sostenes akavuta dawa, akatazama bomba, akarudisha kidogo, akavuta tena. Ndipo nilipoona mkono wake unatetemeka, mkono ulioshika mafahali. "Mungu wangu," nikasema moyoni, "leo tunaua." Madoa akalegea. Kazi yangu ilikuwa kushika miguu na kuhesabu pumzi kwa sauti. Kisu kikapita, tobo dogo tu, na kifuko cha kwanza kikatoka, cheupe, kimejaa maji, ukubwa wa yai la kuku. Akafunga mshipa kwa uzi, akakata. Cha pili kilikuwa kimegandana na mafuta, akahangaika nacho, jasho linamdondoka puani. Pumzi zikapungua. "Sostenes, hapumui!" Akamsugua kifua kwa kidole. Akapumua. Akashona.

Tukamweka kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Kabla ya adhuhuri alinyanyua kichwa. Nilimpiga Sostenes kofi la bega kwa furaha, naye akakaa chini palepale sakafuni.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Hatukumpa chakula. Mimi hospitalini, baada ya kupasuliwa, sista alikuwa anapita kila asubuhi na swali moja bila aibu: "Umejamba?" Usipojamba huli, maana utumbo haujaamka. Basi nikamfanyia Madoa yaleyale. Nilimpa maji kwa kijiko, majani nikamnyima, nikawa natega sikio nyuma yake kama mwehu. Ijumaa ikaisha. Jumamosi asubuhi amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, halilii chochote. Nikasema ni maumivu. Sostenes akasema ni dawa haijaisha mwilini.

Jumamosi mchana Paskazia akarudi. Alikuwa ameondoka Alhamisi na wakubwa wake kwenda kuchapa taarifa za mkutano. Aliingia na begi mkononi, akachungulia sanduku.

"Majani yake yako wapi, dada?"

"Hali mpaka tumbo lifunguke."

Begi likaanguka. "Toba! Tangu lini?"

"Tangu juzi jioni."

"Jamani, simbilisi hafungi! Kwetu mtoto akisahau kuwapa majani kutwa moja anachapwa fimbo. Simbilisi anakula tangu anazaliwa mpaka anakufa, tumbo lake likisimama halirudi! Shemeji, wewe msomi, hukuuliza?"

Sostenes alisimama akiwa ameshika kofia yake. "Nilimwuliza Iddy dawa," akasema polepole. "Chakula nilidhani nakijua."

Nikamgusa Madoa tumbo. Gumu, limejaa upepo. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kisu hakikumuua, usingizi haukumuua, nimemuua mimi kwa mikono yangu mwenyewe, kwa upendo, huku nikimwambia avumilie! Nilipiga yowe. Paskazia hakuninyamazisha, alinisukuma nje: "Lia ukitembea. Lete majani."

Nikakimbia mpaka bombani. Tukayatwanga kwenye kinu, tukayachuja kwa kitambaa, Sostenes akatoa bomba la sindano bila sindano yake. Tone moja upande wa shavu, subiri ameze, tone lingine. Ukiharakisha anapaliwa. Mmoja analisha, mwingine anamkanda tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kuelekea nyuma. Tulifanya hivyo kwa zamu Jumamosi yote iliyobaki, mpaka usiku. Mavi hayakutoka. Hata kipunje.

Jumapili kengele ya kanisa ikalia, hakuna aliyeondoka. Paskazia alikuwa anatwanga nje. Sostenes anamkanda, mimi natazama mlango wa nyuma wa mnyama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ndipo akasema bila kuinua kichwa, "Siku ile ya kwako niliogopa hivihivi."

Nikaliweka chini bomba la kulishia.

"Daktari alitoka na karatasi. Akasema amua sasa hivi, damu inatoka. Nikasaini, nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Nikarudi nikakaa kwenye benchi nikiwaza, nimemuua Anyesi."

"Miaka minane, Sostenes!" Nilitaka kumrushia kinu. "Miaka minane unaniacha nikidhani una jiwe kifuani!"

"Hukuuliza," akasema. "Na mimi sikuthubutu. Nilikuwa nimeshakunyang'anya watoto."

Nilifungua mdomo nimjibu. Nina mdomo mimi, mtaa mzima unaujua. Lakini mbele yangu alilala mnyama niliyesema apasuliwe, naye hakuulizwa, na majani nilimnyima mimi. Nikasogea, nikaweka vidole vyangu juu ya vidole vyake, tukakanda pamoja.

Saa saba na kitu mchana Madoa alijinyoosha, akasukuma miguu ya nyuma. Kikaanguka kitu kwenye kanga. Cheusi, kidogo, kimepinda. Halafu cha pili. Halafu vitatu kwa mpigo.

"Amekunya!" nikapiga kelele. "Paskazia! Amekunya, jamani, amekunya!" Nikapiga vigelegele mpaka koo likawasha, na Paskazia akaingia mbio na mchi mkononi akavipokea. Sostenes hakupiga kelele. Aliokota kile kipunje cha kwanza, akakiweka kiganjani, akakitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya jirani, kilio cha tangu themanini na nane. Paskazia akataka kumwambia anyamaze, shemeji, mbona mgonjwa amepona.

Nikamshika Paskazia mkono. Nikamwambia mwache alie, nami nikakaa chini karibu yake.